Pakua, Weka, Ruhusu: Maneno ya Kwenye Simu na Maana Yake kwa Mwananchi

Mkazi wa Isiolo anayetaka kuweka programu mpya kwenye simu yake hupitia hatua kadhaa kabla programu hiyo haijaanza kumhudumia. Kila hatua ina jina, na jina hilo huandikwa kwenye kioo cha simu kwa neno moja au mawili: Pakua. Sakinisha. Fungua. Ruhusu. Ingia. Sasisha. Aliyezoea hubonyeza bila kusoma. Asiyezoea husoma, asielewe, kisha akabonyeza vilevile, kwa sababu bila kubonyeza hawezi kuendelea.

Hasara ya kutoelewa si ndogo. Bando huisha kabla kazi haijaisha. Simu huzimwa katikati ya kazi kwa kudhaniwa imekwama. Majina na nambari za jamaa wote hukabidhiwa kampuni ya mikopo kwa mguso mmoja wa kidole. Na kwa kuwa huduma nyingi za serikali, kuanzia cheti cha kuzaliwa hadi bima ya afya, sasa hupitia kwenye simu au kompyuta, maneno haya yanamhusu mfugaji wa Cherab na mama muuza mboga wa Wabera sawa na kijana wa saiba mjini.

Neno la kwanza ni Pakua. Jikoni, kupakua ni kutoa chakula kwenye sufuria na kukitia kwenye sahani. Waliolichukua neno hili na kulipa kazi ya kompyuta walichagua vizuri. Programu imo ndani ya sufuria kubwa, yaani seva, ambayo ni kompyuta iliyo mbali inayohifadhi kazi za watu wengi. Simu yako ni sahani. Ukibonyeza Pakua, programu inatoka kule na kuja kwako, na tofauti na ile ya jikoni, sufuria hii haipungui hata wakipakua watu milioni.

Hii ndiyo hatua inayokula bando. Programu yenye ukubwa wa MB 60 itakula takriban MB 60. Ukubwa huo huandikwa kwenye maelezo ya programu, kwa hiyo inafaa kuutazama kwanza, hasa ukiwa umenunua bando la siku moja. Mtandao ukikatika katikati, jambo ambalo si geni ukitoka mjini kuelekea Merti au Sericho, mara nyingi kazi huendelea pale ilipoachia mawimbi yakirudi. Hakuna haja ya kufuta na kuanza upya, maana kuanza upya ni kulipia chakula kilekile mara mbili.

Kuna neno linalofanana nalo ambalo limewapoteza wengi: Pakia. Kupakia ni kuweka mzigo kwenye lori. Kwenye simu ni safari ya kinyume: kitu kinatoka kwako kwenda mbali, kwa mfano unapotuma picha ya kitambulisho ili kujisajili kwa huduma fulani. Herufi moja tu ndiyo inayotenganisha kupokea na kutoa. Mambo huwa magumu zaidi pale simu inapoandika "Inapakia" huku ikiwa inafungua ukurasa tu na hakuna mzigo wowote unaotumwa. Hapo jina moja limepewa kazi mbili, na anayesoma kwa makini ndiye anayechanganyikiwa kuliko asiyesoma kabisa. "Inafunguka, subiri" lingetosha.

Baada ya kupakua huja hatua ambayo simu nyingine huiita Sakinisha na nyingine huiita Weka. Sakinisha ni neno zuri kwa anayejua asili yake. Linatokana na sakini, yaani kukaa mahali, na ni ndugu wa neno maskani. Programu iliyofika kama mgeni inapewa mahali pa kukaa ndani ya simu. Lakini Kiswahili cha Isiolo ni Kiswahili cha soko, cha stendi na cha baraza la chifu. Wengi wanaokizungumza walianza na Kiborana, Kiturkana, Kisamburu, Kisomali au Kimeru nyumbani. Kwao sakinisha ni neno la vitabuni, ilhali weka ni neno wanalolitumia tangu asubuhi hadi jioni. Ukimwambia mtu "weka programu", hakuna swali litakalofuata.

Sanidi ni tatizo jingine. Mahali pamoja hutumika kwa maana ya kuweka programu, mahali pengine kwa maana ya kupanga mipangilio baada ya programu kuwekwa. Kisha kutokana nalo likaundwa sanidua, kwa maana ya kuondoa, neno ambalo watu wengi hawajawahi kulisikia nje ya simu. Neno linaweza kuwa sahihi kabisa katika kamusi na bado likawa jina baya la hatua.

Hatua ya kuweka haihitaji bando. Inahitaji nafasi ndani ya simu na chaji kwenye betri. Huchukua sekunde chache, au dakika kadhaa kwa simu ya bei nafuu, na wakati huo simu huweza kuonekana imeganda. Isizimwe. Likitokea tangazo kwamba nafasi haitoshi, dawa si kununua bando jingine. Ni kufuta video na picha za zamani, hasa zile zinazojaa kutokana na makundi ya WhatsApp.

Lakini jina la hatua si neno tu. Ni pia umbo la neno, na hapa Kiswahili kina utajiri ambao watengenezaji wa programu hawautumii ipasavyo. Tazama kitenzi kimoja kinavyobadilika. "Pakua" ni amri: wewe ndiwe unayetakiwa kufanya jambo. "Inapakuliwa" ina maana kwamba kazi inaendelea, nawe subiri. "Imepakuliwa" ina maana kazi imekwisha. "Haijapakuliwa" inasema bado, lakini inatarajiwa. "Haikupakuliwa" inasema ilijaribiwa na haikufaulu. Kwa silabi moja mtu anajua kama abonyeze, asubiri, afurahi au aanze upya.

Sasa linganisha na kioo cha simu kinachoandika "Upakuaji" peke yake. Upakuaji umefanya nini? Unaanza, unaendelea, umekwisha, au umekwama? Nomino haisemi. Vivyo hivyo "Usakinishaji", "Uthibitishaji" na ndugu zao wote wanaoanza na u- na kuishia na -ji. Maneno haya hupendwa na wanaotafsiri kwa haraka kwa sababu yanafanana na ya Kiingereza, lakini yanamwacha msomaji bila habari aliyokuwa akiitafuta. Hata tangazo la kushindwa linaweza kusema jambo la maana. "Hitilafu imetokea" halimsaidii mtu. "Haikupakuliwa: bando limeisha" linamwambia tatizo ni nini, na dawa yake anaijua.

Wafugaji wa kaunti hii hawahitaji kufundishwa jambo hili. Hakuna anayeita mifugo yote "ng'ombe" anapojadili bei au maziwa. Ndama ni ndama, mtamba ni mtamba. Ukimwambia mtu wa Kinna kwamba unauza mtamba, anajua bila kuuliza kwamba hajazaa, kwamba maziwa hayapo bado, na kwamba yanatarajiwa. Jina la hatua limebeba yaliyopita na yajayo.

Mfano wa karibu zaidi ni M-Pesa. Huduma hiyo ilipoanza nchini mwezi wa Machi 2007, Wakenya wengi hawakuwa wamewahi kuwa na akaunti ya benki. Menyu yake ya Kiswahili ina maneno kama "Tuma Pesa" na "Toa Pesa", ambayo hayakuhitaji kamusi wala semina. Hakuna aliyeambiwa "hamisha fedha" au "fanya miamala". Na ujumbe unaokuja baada ya kutuma hautumii neno uthibitishaji bali "Imethibitishwa", kwa -me- ya jambo lililokwisha. Muuza duka hutazama neno hilo moja kabla ya kumkabidhi mteja unga.

Kwa sababu hiyohiyo matapeli hulighushi. Ujumbe wowote unaweza kuandikwa "Imethibitishwa" na mtu yeyote mwenye simu. Mwenye shaka asitegemee ujumbe, aangalie salio lake mwenyewe kupitia menyu.

Ruhusu ndiyo hatua yenye jina pole kuliko zote, na ndiyo yenye madhara makubwa kuliko zote. Programu ikishawekwa na kufunguliwa, huomba ruhusa: kusoma orodha ya majina na nambari ulizohifadhi, kusoma ujumbe, kutumia kamera, kujua mahali ulipo. Maombi haya huja moja baada ya jingine, haraka, huku mtu akiwa na hamu ya kufika mwisho. Kidole kinabonyeza Ruhusu, Ruhusu, Ruhusu.

Swali la kujiuliza ni moja: kazi ya programu hii inahitaji kitu hiki? Programu ya ramani inahitaji kujua ulipo. Programu ya kupiga picha inahitaji kamera. Tochi haihitaji nambari ya mjomba wako. Ukikataa, programu iliyo halali kwa kawaida itaendelea kufanya kazi zake nyingine, na ruhusa inaweza kutolewa baadaye kwenye mipangilio ya simu. Hata ile uliyokwisha kuitoa unaweza kuifuta hapohapo kwenye mipangilio.

Wakenya walilijua hili kwa uchungu kupitia mikopo ya simu. Baadhi ya kampuni zilikuwa zikichukua orodha nzima ya nambari za mkopaji, na akichelewa kulipa zikawapigia shemeji, mwajiri na jirani kumdai kwa niaba. Mkopaji alikuwa ameshabonyeza Ruhusu, na neno hilo halikumwambia kwamba alikuwa akiwatoa watu wengine. Laiti ombi lingeandikwa "Ipe kampuni hii nambari zote ulizohifadhi", wengi wangesita.

Sheria imesogea tangu wakati huo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mtu iwe ya hiari, ya wazi, ya jambo mahususi, na itolewe baada ya kupewa maelezo. Mwaka 2022 zilitolewa kanuni zinazowataka watoaji wa mikopo ya simu wawe na leseni ya Benki Kuu ya Kenya, na Benki hiyo huchapisha orodha ya waliopewa leseni. Tangu mwaka 2023 Google nayo imezikataza programu za mikopo zilizo kwenye Play Store kuchukua nambari na picha zilizohifadhiwa kwenye simu. Hata hivyo, katazo hilo haliigusi programu iliyotumwa kama faili kwenye kundi la WhatsApp. Ukipokea faili ya namna hiyo, na simu ikakuonya kwamba haijulikani ilikotoka, onyo hilo lisipuuzwe. Ni mahali pachache ambapo simu huzungumza kwa lugha nyoofu.

Hatua ya Ingia au Jisajili inafahamika zaidi, ila ina mkanganyiko wake. Jisajili ni kwa anayefika mara ya kwanza. Ingia ni kwa aliyekwisha kujisajili. Kitu cha siri kinachoombwa hapo kina majina matatu mtaani: nenosiri, nywila na paswadi. Yote ni kitu kimoja. Kile kisicho kitu kimoja ni nambari fupi inayotumwa kwa ujumbe ili kuhakikisha kwamba simu ni yako. Nambari hiyo ni ya kuandikwa na wewe mwenyewe kwenye programu uliyoifungua wewe mwenyewe. Anayekupigia na kukuomba umsomee, hata akijiita mhudumu wa benki au afisa wa serikali, ni mwizi.

Sasisha halina mengi. Limetokana na sasa, nalo lina maana ya kuileta programu kwenye hali ya sasa. Hutumia bando, na inafaa lisiahirishwe muda mrefu, kwa kuwa mara nyingi huziba matundu yanayotumiwa na wezi.

Ondoa, kwa upande mwingine, hudhaniwa kuwa na nguvu kuliko iliyo nayo. Kuondoa programu ni kuitoa kwenye simu yako, basi. Akaunti uliyofungua bado ipo kule kwenye seva. Deni bado lipo. Taarifa ulizotoa bado zipo. Anayetaka akaunti ifungwe aifunge kabla hajaondoa programu. Na anayeamini kwamba taarifa zake zimetumiwa vibaya anaweza kupeleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo kisheria ina siku 90 za kuyachunguza na kuyakamilisha.

Mtu anaweza kuuliza maneno haya yalitoka wapi. Sehemu ya jibu ni Dar es Salaam. Mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi ulioitwa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Katika miaka hiyohiyo Microsoft nayo ilileta Kiswahili kwenye Windows. Kazi ilikuwa kubwa: maelfu ya maneno ya kompyuta yalihitaji wenzao wa Kiswahili. Pale walipochukua neno lililokuwa likiishi tayari, kama pakua, faili au fungua, neno lilikubalika. Pale walipolazimika kuchimba kamusini, mambo yalikuwa mchanganyiko. Kenya nayo ina ushahidi wake. Wanafunzi wetu hufundishwa tarakilishi, na hulijibu vyema kwenye mtihani, kisha wakitoka nje ya darasa husema kompyuta. Si dharau kwa lugha. Mtu huchagua neno litakaloeleweka na aliye mbele yake, na Kiswahili kimekuwa kikipokea maneno ya wageni tangu zamani bila kupoteza chochote.

Hayo ni ya simu. Jambo lilelile hutokea kwa kiwango kikubwa ofisi ya umma inapoweka mfumo mpya wa kompyuta, iwe ni wa kulipia ada, wa rekodi za hospitali au wa vibali. Hatua zake ni nyingi: mashine huletwa, programu huwekwa, kumbukumbu za zamani huhamishwa, wafanyakazi hufunzwa, mfumo hujaribiwa, kisha huanza kutumika. Katikati ya hatua hizo mwananchi husikia tangazo kwamba "mfumo umewekwa". Tangazo hilo laweza kuwa kweli kabisa kwa fundi aliyeweka programu, na bado likamdanganya mama aliyetoka Garba Tulla alfajiri, akafika dirishani, akaambiwa arudi wiki ijayo kwa sababu majina hayajahamishwa.

Neno uzinduzi ni baya zaidi. Huzinduliwa ujenzi kabla tofali la kwanza halijawekwa, huzinduliwa mradi unapokamilika, huzinduliwa mpango ambao bado uko kwenye karatasi. Kwa mfumo wa kompyuta, mwananchi ana haja ya majina yanayojibu swali lake pekee, nalo ni kama akienda leo atahudumiwa. "Mashine zimefika." "Wafanyakazi wanafunzwa." "Mfumo unajaribiwa: njia ya zamani bado inatumika." "Mfumo unatumika: njia ya zamani imefungwa." Majina haya ni marefu kuliko neno moja, lakini mtu akiyasikia redioni anajua kama akate tiketi ya basi au asikate.

Bima ya afya imeonyesha umuhimu wa jambo hili nchi nzima. Tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF. Kuingia kwenye bima hiyo kuna hatua, na majina yake yamechanganywa sana mitaani. Kusajiliwa, ambako kunaweza kufanywa kwa kupiga *147#, si kulipa. Kwa asiye na mshahara, baada ya kusajiliwa hufuata kukadiriwa uwezo wa kipato ili ijulikane anatakiwa kulipa kiasi gani kwa mwaka. Baada ya hapo ndipo malipo. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Aliyesajiliwa peke yake hupata huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vilivyo kwenye mpango huo, lakini akihitaji kulazwa katika hospitali kubwa, swali litakuwa kama amelipa. Mtu anayesema "mimi niko SHA" anaweza kuwa katika hatua yoyote kati ya hizo tatu. Inafaa kila familia iulize: tumesajiliwa, tumekadiriwa, au tumelipa?

Isiolo pia inajua majina ya hatua kutokana na ukame. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, hutoa taarifa kila mwezi ikieleza kaunti iko katika hatua gani, na hatua hizo zina majina. Kwa Kiingereza, majina ya hatua ya pili na ya tatu yanaanza kwa herufi zilezile mbili na yanasikika karibu sawa kwa asiyekuwa mzoefu wa lugha hiyo. Kwa Kiswahili tunaweza kusema kawaida, tahadhari, hatari, dharura na ahueni, na hakuna anayeweza kuchanganya tahadhari na hatari. Tahadhari inamtaka mfugaji ajiandae: auze baadhi ya mifugo wakati bei bado ni nzuri. Hatari inamwambia kwamba muda wa kujiandaa umepita. Hapa tafsiri imekuwa wazi kuliko chanzo chake, jambo ambalo si la kawaida.

Kisheria pia, kazi hii si hisani. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inazitaka taasisi za umma zinapotoa habari zizingatie lugha ya mahali, gharama, njia inayofaa zaidi ya mawasiliano ya eneo hilo, na watu wenye ulemavu. Jina la hatua kwenye kioo cha simu ni habari, na linastahili uangalifu uleule unaopewa tangazo la ukutani. Asiyeona vizuri husomewa na simu kwa sauti, na neno lililoundwa kwa kubandikwa vipande huwa halisikiki vyema.

Kuna njia rahisi ya kupima jina kabla halijachapishwa, na ofisi yoyote inaweza kuitumia bila bajeti. Liandikwe kwenye karatasi jinsi litakavyoonekana kwenye kioo. Waonyeshwe watu watano au sita ambao hawakuhusika kulichagua: mzee wa Oldonyiro anayezungumza Kisamburu, kijana wa Ngare Mara, mfanyabiashara wa Bulla Pesa, mama wa Kinna. Asiyesoma asomewe. Wasiulizwe kama wameelewa, maana kwa adabu karibu kila mtu atasema ndiyo. Waulizwe, "Ukiliona hili, utafanya nini?" Wawili wakisema watasubiri na watatu wakisema watabonyeza, jina hilo lirudishwe mezani.